Kabla ya Asidi, Uliza Maji

Kabla hujagusa chupa yoyote kwenye maabara ya kemia hapa Bujumbura, fungua bomba. Likitoa upepo na matone mawili, basi zoezi la asidi au la sodakostiki halijaanza, hata kama mwalimu amekwisha kuandika kichwa cha somo ubaoni na prefe amepita kuhesabu wanafunzi. Vitabu tunavyosomea vinatuambia kwamba kemikali ikikurukia ukimbilie sinki. Walioviandika walikuwa na shule za Ulaya akilini. Hawakufikiria asubuhi ambayo mtaa mzima wa Nyakabiga umeamka na bidoni mkononi kwa sababu maji ya shirika la Regideso yamekatika tangu jana. Sinki tunalo. Maji ndiyo hatuna uhakika nayo.

Tufanye hesabu kidogo. Kuna kipimo kilichowekwa Marekani na kufuatwa na maabara nyingi duniani: kifaa cha kuoshea macho kitoe maji yasiyopungua lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15 bila kukatika. Zidisha, utapata lita 22 na nusu. Bidoni la njano la lita 20, lile linalopatikana katika kila ua wa Buyenzi na Kinama, litakauka dakika ya 13. Na hapo umemwosha mtu mmoja tu. Kwa bafu la dharura, lile la kumwagia mwili mzima, kipimo ni karibu lita 75 kwa dakika. Kwa dakika 15 ni zaidi ya lita 1,100, karibu mapipa sita ya lita 200. Shule isiyo na tangi haiwezi kulitimiza hilo, na sioni faida ya kujidanganya kwamba itaweza mwaka huu. Lakini mabidoni mawili yaliyojaa kwa kila meza, pamoja na pipa moja lenye koki chini, lililoinuliwa juu ya matofali ili maji yashuke yenyewe, ni jambo linalowezekana katika lise yoyote ya mji huu. Pipa lifunikwe, mbu wasizalie humo. Maji yabadilishwe kila juma, maana maji yenye utelezi wa kijani hayafai kuingia jichoni. Ukutani paandikwe kundi lenye zamu ya kujaza. Kazi isiyo na mwenyewe haifanywi.

Tone likiingia jichoni, aliyeumia hawezi kujiosha vizuri peke yake. Mwenzake amlaze au amwinamishe kichwa upande, jicho lililoumia liwe chini, ili maji machafu yasitiririkie lile zima. Amfumbue kope kwa vidole, kwa nguvu ikibidi, kwa sababu jicho lenye maumivu hujifunga lenyewe, na maji yanayopita juu ya kope iliyofungwa hayasaidii kitu. Amimine taratibu kuanzia upande wa pua kwenda nje. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani ukiwa umeshika mtu anayelia, kwa hiyo wa tatu ashike saa. Kisha hospitali, iwe ya chuo kikuu kule Kamenge au Prince Régent Charles, ile iliyo karibu zaidi, na bidoni la pili liingie garini mwendelee kuosha njiani. Jina la kemikali liandikwe kwenye karatasi, kwa sababu daktari ataliuliza na mgonjwa huenda hawezi kulitamka.

Wanafunzi wengi huogopa asidi na kuidharau sodakostiki. Naelewa kwa nini. Asidi ina jina baya. Sodakostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, ni ya kina mama wanaotengeneza sabuni, inauzwa sokoni, imezoeleka. Kwa jicho, hii iliyozoeleka ndiyo hatari zaidi. Asidi nyingi zikigusa nyama hugandisha protini, na utando ulioganda huzuia kidogo zisizidi kuzama. Sodakostiki huyeyusha mafuta na protini, ikajifungulia njia, ikaendelea kwenda ndani hata baada ya maumivu kupungua. Ngozi inayoteleza baada ya kuguswa na suluhisho lake ni ngozi ambayo mafuta yake yanageuzwa sabuni. Kwa hiyo usisimame dakika ya 15. Osha nusu saa na zaidi. Wala usitafute siki au ndimu ya kuvunja makali yake: asidi na besi zikikutana hutoa joto, na joto hilo litakuwa juu ya jeraha. Maziwa nayo yana heshima yake Burundi, wapewe wageni na maharusi. Jichoni hayana kazi. Kwenye ngozi iliyoungua kwa moto vilevile: maji ya bomba yasiyo ya barafu kwa dakika 20, si dawa ya meno, si asali, si mafuta.

Kuhusu kuchanganya asidi salfuriki na maji, kanuni unaijua: asidi iingie majini, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Lakini sababu yake ndiyo itakayokufanya uikumbuke siku una haraka. Asidi kolevu ya asilimia 98 ina uzito wa karibu gramu 1.84 kwa kila mililita, nzito kuliko maji kwa mbali. Ukiimimina majini huzama, na joto linalotoka husambaa katika maji mengi. Ukimimina maji juu ya asidi, yatakaa juu, yatachemka papo hapo pale yanapogusana nayo, na mvuke utarusha matone ya asidi usoni mwako. Tumia chombo cha kioo kisichopasuka kwa joto, kikae ndani ya beseni la maji baridi. Usitumie chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Joto litaipinda, na kesho mtu mwenye kiu ataiona.

Hilo la chupa za vinywaji ni kosa ninaloliona baya kuliko yote katika shule zetu, na halina udhuru hata kwa shule maskini. Hakuna kemikali inayopaswa kuingia kwenye chupa ya Fanta, ya bia au ya maji, hata kwa saa moja, hata ikiandikwa kwa kalamu. Mfanyakazi wa usafi hasomi maandishi ya kalamu. Mtoto wa mlinzi hasomi kabisa.

Sasa joto. Bujumbura iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Tanganyika, na mchana hufika nyuzi 28 hadi 30 mara nyingi. Kwa kemia, nyuzi hizo si jambo dogo. Spiriti, yaani ethanoli, huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka ikiwa kati ya nyuzi 13 na 17 hivi, kutegemea maji yaliyomo. Maana yake ni kwamba katika mji huu, mchana, mdomo wa chupa ya spiriti iliyo wazi una mvuke tayari kushika moto. Asetoni hufikia hali hiyo hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Etha huchemka kwenye nyuzi 35, na stoo yenye paa la bati mwezi wa Septemba yaweza kufika hapo bila mtu kuwasha chochote. Amonia kolevu ya asilimia 25 huchemka karibu na nyuzi 38. Fungua chupa yake polepole, mdomo uelekee mbali na wewe na jirani yako, baada ya kuikalisha chupa nzima kwenye maji baridi kwa muda. Wakazi wa mji huu waliozoea kuhifadhi petroli kwenye mabidoni ndani ya nyumba wakati wa uhaba wa mafuta wangefaa kusoma aya hii mara mbili. Petroli ni kali kuliko spiriti.

Kutokana na hilo, kifaa kinachonitia wasiwasi kuliko vingine vyote ni kile kinachoonekana kipole kabisa: taa ya spiriti. Shule zisizo na gesi ya bomba huitumia kupashia neli za majaribio, na ni kifaa kizuri, rahisi, kinatengenezwa hata kwa chupa ndogo na utambi wa pamba. Hatari yake huanza inapoishiwa mafuta katikati ya zoezi. Mwali wa spiriti mchana ni wa buluu hafifu, na kwenye mwanga wa dirisha karibu hauonekani. Mwanafunzi anadhani taa imezimika, anachukua chupa ya lita moja, anamimina. Mvuke unashika moto, moto unapanda ndani ya chupa, na chupa hiyo inageuka bomba la kurushia moto: spiriti inayowaka inatoka kwa kishindo na kumwelekea yeyote aliyesimama mbele, mara nyingi si yule aliyeishika.

Jambo hili limetokea mahali ambapo fedha si tatizo. Tarehe 2 Januari 2014, katika Beacon High School mjini New York, mwalimu alikuwa akionyesha jinsi chumvi za madini mbalimbali zinavyotoa miali ya rangi tofauti. Aliongeza methanoli kutoka kwenye dumu, moto ukaruka, na mwanafunzi wa miaka 16 aliyekuwa ameketi akitazama akaungua vibaya usoni, shingoni na mikononi. Mwaka 2019 baraza la mahakama liliamua alipwe karibu dola milioni 60. Onyesho lilelile lilikwisha kuunguza wanafunzi wa shule nyingine za Marekani kabla ya hapo, na walimu walionywa. Methanoli na ethanoli ni ndugu. Ukisikia la moja, tahadhari na la pili.

Basi fanya hivi. Taa zote zijazwe kabla ya somo, katika chumba kingine au nje, na zisizidi theluthi mbili. Chupa kubwa ya spiriti ifungwe, itoke chumbani, ifungiwe kabatini kabla ya kiberiti cha kwanza kuwashwa. Taa ikiisha, imeisha: funika kwa kifuniko chake, ngoja ipoe kabisa, weka nyingine iliyojaa mahali pake. Usiizime kwa kupuliza wala usiiwashe kwa kuiinamisha kwenye taa ya jirani. Onyesho lolote la miali lifanywe na mwalimu, wanafunzi wakiwa umbali wa mita mbili au zaidi, na kwa rangi za miali tumia waya uliochovywa kwenye suluhisho la chumvi badala ya sahani za spiriti. Ndoo ya mchanga mkavu ikae kila chumba. Mchanga tunao tele, Rusizi na ziwa vinatupa bure.

Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Ajitupe chini ajiviringishe, wenzake wamfunike kwa blanketi la pamba au wammwagie maji. Hapo ndipo unapoona umuhimu wa ulichovaa. Sheharbano Sangji, msaidizi wa utafiti wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, tarehe 29 Desemba 2008 alikuwa akivuta kwa sindano kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Pistoni ya bomba la sindano ikachomoka. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alivaa sweta la nyuzi za plastiki, ambalo liliwaka na kumwunguza vibaya. Alifariki siku 18 baadaye. Wewe hutashika kemikali ile katika lise, lakini nguo za aina ile umezivaa leo. Mitumba mingi inayouzwa kwa bei nafuu ni poliesta, na nywele za bandia za kusukia vilevile.

Kwa hiyo koti liwe la pamba, lifike magotini, lifungwe vifungo vyote. Ukinunua la mtumba, chomoa uzi mmoja uuchome nje: pamba huacha jivu jepesi, plastiki huacha kidonge kigumu cheusi. Rasta ndefu zifungwe nyuma na kuingizwa ndani ya kola. Dada zetu wanaovaa hijabu wachague ya pamba siku ya maabara na ncha zake ziingie ndani ya koti. Haipungui stara kwa hilo. Kandambili hapana. Najua joto la mji huu na najua bei ya viatu, lakini tone la asidi huanguka chini, na chini ndiko vidole vya miguu vilipo. Shule inaweza kuweka jozi kadhaa za viatu vya mpira vya kuazima, kama inavyoweka mipira ya kuchezea.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua miwani, kabla ya koti na kabla ya glavu. Inayofaa ni ile inayobana uso pande zote. Ile myeupe ya mafundi, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, huacha mwanya pembeni, ila ni bora kuliko jicho tupu. Ivaliwe na kila aliyemo chumbani, hata aliyemaliza kazi yake anaandika ripoti, kwa sababu kemikali humrukia pia jirani wa aliyekosea.

Glavu zina sifa kubwa kuliko zinavyostahili. Zile nyembamba za duka la dawa zimetengenezwa kuzuia damu, si kila kemikali. Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Dartmouth College huko Marekani, mtaalamu hasa wa metali zenye sumu, alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki juu ya glavu ya mpira mwezi Agosti 1996. Yalipenya. Alikufa Juni 1997. Funzo lake kwa mwanafunzi ni dogo na la kila siku: glavu ikilowa, vua, nawa, vaa nyingine, na usishike simu wala kitasa cha mlango ukiwa nayo. Karibu na moto usivae kabisa. Mpira unaoyeyuka hung'ang'ania ngozi.

Chupa za maabara za Bujumbura husema lugha kadhaa. Za zamani zimeandikwa Kifaransa, baadhi zikiwa na mraba wa rangi ya machungwa wa alama za hatari za zamani; zilizokuja kupitia Dar es Salaam au Nairobi zimeandikwa Kiingereza, na zina almasi yenye ukingo mwekundu. Mwanafunzi anayefuata mwanzo wa jina atakosea siku moja. Mfano ninaoupenda kwa ubaya wake: kloridi ya potasiamu na klorati ya potasiamu. Ya kwanza ni chumvi tulivu tu. Ya pili ikisagwa pamoja na sukari au salfa inaweza kulipuka kinuni. Kwa macho yaliyochoka, majina yao ni pacha katika Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Soma fomula, KCl au KClO₃, kisha soma namba ya CAS, ile yenye vistari viwili, ambayo haibadiliki popote duniani: ya kwanza ni 7447-40-7, ya pili 3811-04-9. Mwalimu akiweka namba hiyo kwenye karatasi ya zoezi, kila kundi linalinganisha na chupa kabla ya kufungua. Chupa isiyo na lebo haitumiki, hata kama mzee wa stoo anaapa kwamba anaijua kwa harufu.

Na stoo isipangwe kwa alfabeti. Ni nadhifu, inawafurahisha wakaguzi, na inakalisha asidi ya naitriki jirani na vitu ambavyo haipaswi kukutana navyo kamwe, kama asetoni na spiriti. Panga kwa tabia: vinavyowaka vikae peke yavyo, vinavyolisha moto kama nitrati na pamanganeti mbali navyo, asidi chini kabisa ndani ya beseni la plastiki, besi upande mwingine.

Maji ya javeli yasiingie kwenye rafu hizo. Kila mwaka kuna mtu mwenye nia njema anayetaka kusafisha meza baada ya zoezi, anamwaga javeli juu ya asidi hidrokloriki iliyomwagika, na chumba kinajaa gesi ya klorini, ileile iliyotumika vitani Ypres mwaka 1915. Ikikutana na amonia, javeli hutoa gesi nyingine za kuunguza mapafu. Klorini ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, hivyo hutanda chini. Ukisikia harufu yake usiiname kuokota begi. Toka, ukiwa umesimama wima, na fungulia wengine mlango.

Umeme ukikatika, kabati la kuvutia mvuke halivuti. Hilo nalo lisemwe wazi, kwa sababu kuna walimu wanaoendelea kufanya kazi ndani yake likiwa kimya, kana kwamba kioo chake pekee kinatosha. Likizimika, ziba chupa na usimamishe zoezi. Kwa mazoezi yenye mvuke kidogo, veranda ni bora kuliko chumba. Bujumbura ina neema yake hapa: mchana, jua likishapasha nchi kavu, upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea milimani. Simama upepo ukikupiga ubavuni, chombo kikiwa mbele yako, na pasiwe na darasa upande unakokwenda mvuke.

Pipeti haivutwi kwa mdomo. Kuna walimu waliofundishwa hivyo na bado wana meno yao yote. Bahati yao haiwezi kuwa kanuni ya darasa. Shule isiyo na pea ya mpira inunue bomba la sindano la mililita 10 au 20 kwenye duka la dawa, bila ncha, iliunganishe na pipeti kwa kipande kifupi cha mpira. Linavuta taratibu, linashusha taratibu, na bei yake haimzuii mtu.

Darasa la wanafunzi 60 ndani ya chumba cha 24 ni hatari kubwa kuliko kemikali nyingi nilizozitaja, na mwanafunzi hana la kufanya juu yake. Mwalimu anaweza kuligawa kwa zamu, nusu wakikokotoa nje ya maabara. Anaweza pia kupunguza kiasi. UNESCO, pamoja na kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kwa miaka mingi imeeneza kemia ya vipimo vidogo: mazoezi yaleyale yanafanywa kwa matone ndani ya vishimo vya plastiki, badala ya mililita 50 ndani ya bika. Tone likimwagika linafutwa kwa kitambaa chenye maji. Karatasi tupu za vidonge vya dawa, zilizooshwa, zina vishimo vinavyotosha mazoezi mengi ya kuangalia rangi na mashapo. Walimu wanaotoka École Normale Supérieure wangefundishwa hili mapema, naamini maabara zetu zingekuwa salama zaidi na bajeti ingebaki palepale.

Kidogo pia ni rahisi kutupa. Mji huu hunywa maji ya Ziwa Tanganyika, na Ntahangwa na mito mingine inayoukata mji humwagikia humo humo. Mtambo wa Buterere unasafisha sehemu tu ya maji machafu ya mji. Asidi na besi zikishazimuliwa na kupatanishwa hadi karatasi ya litmasi itulie, zinaweza kwenda na maji mengi. Risasi, kromati, fedha na zebaki zisiguse sinki. Zikae kwenye chupa nene yenye lebo na tarehe mpaka shule ipate pa kuzipeleka.

Zebaki inanipeleka kwa wakubwa wa shule. Kipimajoto kikivunjika, vijitone vyake hukimbilia kwenye nyufa za sakafu na kutoa mvuke usio na rangi wala harufu, na mvuke huo kwenye nyuzi 30 ni zaidi ya maradufu ya ule wa nyuzi 20. Dirisha hufunguliwa, watu hutoka, vijitone hukusanywa kwa karatasi ngumu mbili na kutiwa kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko. Ufagio hautumiki, kwa kuwa huvunja tone moja kuwa mia. Lakini hayo yote hufanyika tu kama mwalimu ameambiwa. Mwanafunzi anayejua kwamba aliyevunja hulipa, na kwamba nyumbani hakuna hata ya daftari, atasukuma vigae chini ya kabati kwa kiatu na kunyamaza, kisha madarasa yote yatakayofuata yatavuta hewa ile.

Mkataba wa Minamata uliopitishwa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi vipimajoto vya zebaki, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Vile vya spiriti nyekundu vinatosha kabisa kwa mazoezi ya lise. Wakurugenzi wa shule, badilisheni vilivyobaki, na kabla ya kupata fedha za kufanya hivyo, futeni leo faini ya vifaa vilivyovunjika kwa mwanafunzi anayetoa taarifa papo hapo.